Bawaba Upande wa Demani

Anayejenga Rahaleo, hapa mjini Mtwara, akifikia hatua ya madirisha, huandikiwa karatasi yenye maneno machache: aluminiamu, futi tano kwa nne, vipande sita. Chini yake bei. Karatasi hiyo imetaja madini, kipimo na idadi, ila dirisha lenyewe halimo. Haikusemwa linafunguka vipi, linashikwa na nini, linafungwa kwa nini, wala maji ya mvua yakiingia kwenye fremu yatatokea wapi. Mwenye nyumba analipa malipo ya kwanza na kuondoka, na yote yaliyoachwa bila kutajwa yatakuja kuamuliwa na fundi, kwa kadiri ya vipande vilivyobaki karakana siku hiyo.

Naamini dirisha zuri huchaguliwa kwanza kwa ulimi. Mwenye majina ya sehemu zake anaweza kuuliza kuhusu kila sehemu na kujibiwa kuhusu kila sehemu. Asiye nayo hubaki na swali moja tu, "Ni nzuri hii?", na hakuna muuzaji Mtwara wala Kariakoo atakayelijibu vingine zaidi ya ndiyo. Na huu ni mji ambao kata zake zenyewe zina msamiati wa ujenzi: kuna Majengo, kuna Vigaeni yenye vigae ndani ya jina. Haistahili mtu wa mji huu anunue dirisha kwa neno moja.

Tuanze na hilo neno moja. Kamusi zinasema alumini, watu wanasema aluminiamu, na sioni sababu ya kugombana, kwa kuwa hata waliolibuni hawakutulia nalo. Mkemia Humphry Davy alianza na alumium mwaka 1808, mwaka 1812 akageuza kuwa aluminum, wenzake nao wakarefusha ili lilingane na majina ya metali nyingine. Ndiyo maana mpaka leo Marekani na Uingereza hawaliandiki sawa. Linalonifurahisha ni kule Davy alikolichota: katika neno la Kilatini la shabu. Shabu hii ni lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo vinyozi hupaka kidevuni wembe ukishapita, na ambalo watu hutumia kutuliza maji yaliyotibuka. Madini ya fremu za kisasa, basi, yamepewa jina kutokana na kitu ambacho pwani hii inakifahamu tangu zamani kwa jina lake yenyewe.

Tena tunayo mazoea ya kuacha neno likae huku kitu kikibadilika chini yake. Sufuria limetoka katika neno la Kiarabu la shaba, na wazee walipolitumia walimaanisha chombo cha shaba hasa. Leo sufuria karibu zote ni za aluminiamu na hakuna aliyeona haja ya kuzibadilisha jina. Bati lilikuwa jina la metali laini ya kulehemia. Sasa ni karatasi ya chuma ya kuezekea. Kampuni ya ALAF ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1960, ina aluminiamu ndani ya herufi za jina lake, ilhali mteja akiitaja anawaza paa la bati la chuma. (Na kwa mpenda maneno kuna hili la kutia moyo: ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ililipiwa na watengeneza mabati wa Kenya, ndugu wa kundi moja na ALAF. Fedha za paa zikaenda kwenye riwaya na mashairi.) Dirisha nalo limepita njia hiyo. Lilikuwa la mbao, limekuwa la aluminiamu, na jina halikutikisika.

Ila kuna tofauti moja. Dirisha la mbao lilipoondoka, liliondoka na seremala wake, na seremala akaondoka na maneno yake. Fundi wa aluminiamu alijifunza kazi kwa katalogi na kwa macho. Ana profaili, ana rola, ana riveti, ana silikoni, na kazi yake inasimama. Anachokosa, na sisi wateja tunakikosa zaidi yake, ni majina ya dirisha kama kitu kinachofunguka na kufunga.

Tazama vurugu iliyopo kwenye kitenzi kimoja. Dirisha linalojulikana zaidi mjini ni la vioo viwili vinavyopishana juu ya reli. Wengine huliita la kuslaidi, wengine la kusukuma. Lakini lile jingine, linaloshikwa ubavuni na kufunguka kuelekea nje, nalo unalisukuma! Mteja akisema "nataka la kusukuma" akiwa na picha ya dirisha linalofunguka kama mlango, fundi atamtengenezea la reli, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Wanaosoma michoro ya wahandisi huliita hilo la ubavuni kesimenti. Neno hilo halina ubaya, ila halimwambii kitu mtu asiyelijua tayari. Mimi naliita dirisha la bawaba. Ukisema bawaba, hakuna fundi atakayekupa rola.

Na neno dirisha lenyewe linaunga mkono. Asili yake ni Kiajemi, lenye maana ya kijilango, mlango mdogo. Dirisha la reli limetoka nje ya maana hiyo. La bawaba limerudi ndani yake. Kwa hiyo msamiati tunaoutafuta hauhitaji kubuniwa. Upo kwenye milango.

Nenda Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kwenye nyumba za mawe zilizokuwepo kabla Wajerumani hawajajenga Boma lao mwaka 1895. Simama mbele ya mlango wa zamani wenye mabawa mawili. Nguzo mbili za pembeni zinazosimama ukutani ni miimo. Boriti ya juu na ya chini ni vizingiti. Ule ubao mwembamba wa katikati, mara nyingi wenye nakshi kuliko sehemu nyingine zote, uliopigiliwa kwenye bawa moja ili bawa la pili lije kuuegemea, ni mfaa. Kisha kuna bawaba, na kuna komeo. Bawaba ni neno la ukoo wa bab, mlango kwa Kiarabu, ukoo uleule wa bawabu, mlinzi wa mlangoni. Nimelipenda tangu nilipojua udugu huo, kwa kuwa bawaba dhaifu kweli huacha nyumba bila mlinzi hata kama kioo ni kinene.

Sasa yachukue maneno haya sita mpaka karakana ya aluminiamu.

Mwimo: uliza unene wake. Fremu ya aluminiamu ni bomba lenye vyumba ndani, na upana unaouona kwa nje haukuambii kuta za bomba hilo zina unene gani. Muuzaji atasema "hii nzito", nawe utaipima kwa mkono na kukubali. Omba milimita. Kwa dirisha la reli watu hupita na milimita 1.2, kwa sababu kioo kimekaa juu ya reli na uzito wake unashuka chini. Kwa bawaba, uzito wote wa bawa unaning'inia kwenye mwimo mmoja, kwenye skrubu chache, na ukuta mwembamba utararuka pale pale kwenye skrubu. Nisingekubali chini ya milimita 1.4, na kwa bawa kubwa ningetaka zaidi. Aluminiamu inajipinda kirahisi mara tatu kuliko chuma, ndiyo maana umbo na unene vinabeba kazi ambayo kwa chuma hubebwa na ugumu wa metali yenyewe. Bawa nalo lisiwe pana mno. Likivuka sentimita 70 naanza kuionea huruma bawaba.

Mfaa: hapa lugha ya zamani inatoa swali ambalo katalogi haitoi. Dirisha la mabawa mawili, mfaa wake unabaki kwenye fremu au unaondoka na bawa? Ukibaki, kila bawa lina mahali pake pa kufungia, mpira unabana vizuri pande zote, na mvua ya upepo haipati mwanya; lakini una nguzo katikati ya dirisha siku zote. Ukiondoka na bawa, kama kwenye mlango wa Mikindani, unapata uwazi wote kitanda kipite na upepo upite, ila pale mabawa yanapokutana ndipo dirisha litavuja kwanza. Majibu yote mawili yanafaa, kila moja kwa chumba chake. Kosa ni kutoulizwa.

Kizingiti cha chini kina siri yake: vitundu vya kutolea maji. Kila fremu huingiza maji kidogo, na iliyotengenezwa vizuri inayatoa yenyewe kwa matundu madogo upande wa nje. Fundi mwenye haraka huyasahau au huyaziba kwa silikoni akidhani anasaidia. Mwaga glasi ya maji ndani ya mfereji wa chini kabla hujalipa salio, uone yanatokea wapi.

Komeo lishike juu na chini, siyo katikati peke yake. Bawa refu linaloshikwa katikati hubenuka kwenye ncha pepo zikivuma, na mpira hauna tena cha kubana.

Halafu kuna kutu, na hapa neno linatudanganya kwa kusema kweli. "Aluminiamu haishiki kutu." Ni kweli tupu, kwa sababu kutu ni ugonjwa wa chuma. Aluminiamu ikikutana na hewa hujifunika yenyewe kwa oksidi, ngozi nyembamba ngumu inayozuia isiendelee kulika. Ila chumvi ya bahari huitoboa ngozi hiyo kwa vishimo vidogo, na unga mweupe hutokeza. Hauna wekundu, hivyo hatuuiti kutu, na kwa kuwa hatuuiti kutu tunadhani si kitu. Watu wa pwani wana usemi unaotosha kabisa: inaliwa na chumvi. Ndio wa kutumia dukani. Usiulize kama inashika kutu. Uliza kama italiwa na chumvi, na ngozi yake ya juu ni ipi: kama ni rangi ya unga iliyookwa, iwe na mikroni 60 au zaidi kila mahali, kama ni ile iliyoneneshwa oksidi yake kwa umeme, karibu na bahari inatakiwa ifike mikroni 20 au 25. Baada ya hapo dawa yake ni maji baridi na kitambaa, mara kwa mara. Nasema maji baridi kwa maana ya pwani, yasiyo na chumvi, hata yakiwa ya moto.

Maradhi mabaya zaidi hutokana na ndoa ya metali mbili. Skrubu ya chuma cha kawaida ikikaa ndani ya aluminiamu na umande wa chumvi ukapita kati yao, umeme mdogo huanza kutembea na moja humla mwenziwe. Dirisha zima linakuwa zima isipokuwa kwenye bawaba, na bawaba ndiyo dirisha. Skrubu ziwe za stenlesi. Najua wafasiri wanapendekeza chuma cha pua, na pua ni neno zuri la zamani. Lakini pua kwa wahenga ilikuwa chuma kigumu cha aina yoyote, na kijana wa dukani akikupa skrubu ngumu inayoshika kutu hatakuwa amekosea lugha. Mahali hapa nasimama na stenlesi. Nenda na sumaku: chuma cha kawaida kitairukia, skrubu nzuri za stenlesi huigusa kwa unyonge au zisiiguse kabisa.

Saruji nayo. Tangu kiwanda cha Dangote kianze hapa Mtwara mwaka 2015 mji umejaa lipu mbichi, na wachache wanajua kwamba saruji mbichi na chokaa huchoma aluminiamu kama chumvi isivyoweza, kwa saa chache tu. Madirisha yaingie lipu ikishakauka, au yabaki na karatasi zake za plastiki mpaka fundi wa lipu aoge na kuondoka.

Sasa upepo, ambao kwangu ndio sababu yenyewe ya kuchagua bawaba. Dirisha la reli, hata ulifungue vipi, nusu yake ni kioo. Umelipia futi tano za hewa, umepata mbili na nusu. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Mtwara, kwenye joto la Desemba na Januari lenye unyevu wa baharini, hiyo nusu iliyorudi ni usingizi.

Na zaidi ya kupitisha upepo, bawa linaweza kuukamata, kama tanga. Hapa ndipo nilipoona tuna lugha kuliko tulivyodhani. Mabaharia wa pwani hii wana maneno mawili ambayo nyumba za bara hazikuyahitaji: joshini, upande ambao upepo unatoka, na demani, upande ambao upepo unakwenda. Chukua ukuta unaotazama bahari, mashariki. Kusi likivuma, kuanzia Aprili na kuendelea, linatoka kusini na kuupita ukuta huo kwa mshazari. Bawa lenye bawaba kusini, yaani joshini, likifunguliwa litasimama mbele ya upepo na kuufukuza. Lenye bawaba kaskazini, yaani demani, litausimamisha upepo unaopita na kuuingiza chumbani. Kaskazi ukiingia, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, mambo yanageuka: joshini sasa ni kaskazini, na bawa lenye kukamata ni la upande wa kusini.

Kwa hiyo kwa ukuta wa mashariki agiza mabawa mawili, moja la kila msimu. Kusi likivuma unafungua la kaskazini wazi na kulifunga la kusini. Pepo zikigeuka, unabadilishana nalo. Kwa ukuta wenye nafasi ya bawa moja tu, mwambie fundi: bawaba iwe demani ya kusi, kwa kuwa kusi ndilo linalokaa muda mrefu. Fundi wa Mtwara aliyewahi kupanda ngalawa kwenda Msimbati hatahitaji mchoro. Na kwa asiyewahi, hili ni la kumfundisha, kwa sababu "bawaba kushoto" haisemi kushoto kwa nani, aliye ndani au aliye nje.

Lakini chenye kukamata upepo hupigwa na upepo. Kimbunga cha Aprili 1952 kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, na Mtwara ikapewa tahadhari. Dirisha la bawaba lililofungwa vizuri huhimili kuliko la reli, kwa sababu likisukumwa linabanwa kwenye mpira pande zote. Lililoachwa wazi ndilo la hatari. Hakuna unene wa milimita unaomsaidia mtu aliyekwenda kwenye minada ya korosho na kuacha mabawa wazi.

Nondo na neti zinatatiza, na sitajifanya hazitatizi. Bawa linafungukia nje, nondo ziko ndani, na neti lazima iwepo, maana mbu wa huku hawana msimu wa mapumziko. Mpangilio unaofaa ni bawa, kisha nondo, kisha neti ndani kabisa, nayo neti iwe na bawaba zake au reli yake ili ulifikie komeo. Nondo ziachiane nafasi ya mkono kupita karibu na komeo, na komeo liwe na kitasa, kwa sababu nafasi inayopitisha mkono wako inapitisha mkono mwingine. Nondo za chuma zisiguse fremu. Tumeshaona yanayotokea kwenye ndoa hiyo. Watu wengi huagiza dirisha kwa fundi mmoja na nondo kwa mchomeleaji mwingine bila wawili hao kuonana, na matokeo yake ni komeo lisilofikiwa na mkono.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa mwaka 1967, lina kazi ya kusanifisha istilahi, na limefanya kubwa kwenye sheria, siasa na sayansi. Ningefurahi kuona siku moja orodha ya maneno ya ujenzi wa nyumba za kawaida, iliyoanzia karakana na milango ya zamani kabla ya kufika mezani. Mwimo, mfaa, kizingiti, bawa, bawaba na komeo hayahitaji kamati kuyatafuta, yanahitaji kuandikwa kwenye karatasi ya oda.

Limebaki neno moja ambalo sijalipatia suluhisho. Ni ule mkono wa stenlesi wenye kuteleza, unaoshika bawa lisipigwe na upepo na kulizuia pale ulipoliacha. Mafundi husema stei. Mlango wa zamani haukuwa nao, hivyo Mikindani haisaidii. Jahazi lingesaidia: demani, mbali na kuwa jina la upande, ni jina la kamba inayoshika tanga lisichukuliwe na upepo, ambayo nahodha huikaza au kuilegeza kadiri atakavyo. Kazi ni ileile hasa. Nimevutwa sana kuuita mkono huo demani ya dirisha. Lakini karatasi moja haiwezi kubeba "bawaba demani" na "demani mbili za stenlesi" bila kumchanganya anayekata aluminiamu saa kumi jioni, kwa hiyo kwenye oda naandika stei, inchi 12, mbili kwa kila bawa.